Robert Wilson, mwanafizikia wa bomu la atomiki aliyejaza maabara sanamu

Kwenye mlango wa maabara ya Fermilab, karibu na mji wa Chicago nchini Marekani, kuna sanamu kubwa ya chuma yenye miguu mitatu. Chuma chake kilitoka kwenye meli ya kivita. Aliyeibuni ni mkurugenzi wa kwanza wa maabara hiyo, mwanafizikia Robert Wilson.

Wilson alizaliwa mwaka wa 1914 katika jimbo la Wyoming, akakulia kwenye mashamba ya ng'ombe. Mwaka wa 1943 alijiunga na maabara ya siri ya Los Alamos, ambako lilitengenezwa bomu la atomiki. Sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi huo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga.

Ujerumani iliposalimu amri mwezi wa tano 1945, Wilson aliendelea na kazi. Miezi mitatu baadaye, Hiroshima na Nagasaki ziliteketea. Kutoacha kazi wakati ule kulibaki kuwa jambo alilolijutia. Baada ya vita aliachana na silaha, na mwaka wa 1946 akapendekeza protoni zitumike kutibu saratani. Matibabu hayo yapo hadi leo.

Akiwa tayari profesa, alikwenda kujifunza uchongaji mjini Florence, Italia, mwaka wa 1961. Miaka sita baadaye alipewa kazi ya kujenga Fermilab na mashine yake ya kuongeza kasi ya protoni, yenye mzunguko wa zaidi ya kilomita 6. Jengo kuu alilipa umbo linalokumbusha kanisa kuu la Beauvais, Ufaransa. Hata nguzo za umeme alizipa umbo la herufi pi.

Sanamu ya mlangoni nayo inafundisha fizikia. Ukisimama chini yake katikati, pande zake zinalingana. Ukisogea kidogo, ulinganifu huo unavunjika. Ndivyo wanafizikia wanavyoueleza ulimwengu: kanuni zake zina ulinganifu, lakini tunayoyaona hayana.

Mwaka wa 1969, mbele ya kamati ya bunge la Marekani, seneta mmoja alitaka kujua mashine hiyo ya gharama kubwa ingesaidia nini katika ulinzi wa nchi. Wilson angeweza kuahidi silaha ili apate pesa. Hakufanya hivyo. Aliiweka kazi yake pamoja na uchoraji, uchongaji na ushairi, akasema haihusiki moja kwa moja na ulinzi, ila inaifanya nchi istahili kulindwa.

Pesa zilitolewa. Mwaka wa 1977 wanasayansi wa Fermilab waligundua chembe inayoitwa kwaki ya chini. Mwaka uliofuata Wilson alijiuzulu, akipinga bajeti aliyoiona haitoshi.

Alifariki mwezi wa kwanza mwaka wa 2000, akiwa na miaka 85. Alizikwa ndani ya eneo la Fermilab, katika makaburi madogo ya wakulima wa zamani.