Daktari wa Jicho Moja na Uvimbe wa Taya

Majuzi nilikuwa Nakuru kwa harusi ya jamaa yangu. Usiku nikatafuta chandarua, sikukiona. Mwenyeji wangu akacheka, akaniambia kuwa mji wao uko juu mno, mbu wa malaria hawasumbui kama kwetu Pwani. Kweli, Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Nikajifunika mablanketi mawili, na mawazo yakanipeleka kwa hayati Daktari Denis Burkitt, kwani umashuhuri wa bwana huyu ulitokana na swali hilo hilo la nyanda za juu na za chini.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Alipokuwa na miaka 11 alipigwa jiwe, kioo cha miwani kikamtoboa jicho, akabaki na moja. Hata hivyo alisoma udaktari Dublin, akawa mpasuaji. Alipoomba kazi katika makoloni alikataliwa kwa sababu ya jicho lile. Vita Kuu ya Pili ikamleta Afrika Mashariki akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akapata kazi Uganda, kwanza Lira, kisha Mulago, Kampala. Alikuwa Mkristo mcha Mungu, haianzi siku yake bila sala.

Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, akamwona msichana mdogo mwenye uso wa namna ile ile. Burkitt akaanza kupekua majalada ya hospitali, akakuta watoto wengi wa aina hiyo. Mwaka 1958 aliandika habari zao. Akatuma picha na maswali kwa madaktari wa Afrika nzima, na Oktoba 1961, pamoja na madaktari wenzake wawili, akaingia katika gari kuukuu la Ford. Kwa wiki 10 walikwenda kama maili 10,000 kuelekea kusini, wakiuliza kila hospitali: mmeuona uvimbe huu, au hamkuuona?

Majibu yakachora ramani. Katika nchi zetu za karibu na ikweta, uvimbe ulikuwa nadra juu ya mita 1,500. Watoto wa nyanda kama za Nakuru walisalimika. Wa ukanda wa ziwa Viktoria na wa Pwani yetu hawakusalimika. Ajabu ni kwamba Unguja na Pemba, penye joto na mvua tele, uvimbe ulikuwa adimu. Sababu ikaonekana baadaye: huko malaria ilikuwa imepigwa vita.

Mwaka huo huo wa 1961 alihutubia London. Msikilizaji mmoja, Anthony Epstein, akaomba aletewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, wakatangaza kuona virusi ndani ya chembe hizo.

Wataalamu sasa wanaeleza hivi. Virusi hivyo huwaingia karibu watu wote, hukaa kimya katika chembe za damu zinazotengeneza kinga. Lakini mtoto anayepigwa na malaria mara kwa mara, chembe hizo huzaana bila kupumzika, na walinzi wengine wa mwili hudhoofika. Katika msukosuko huo nyuzi za urithi, yaani kromosomu, hukatika na kuungana vibaya. Mara nyingi kipande cha namba 8 huhamia namba 14, kikichukua jeni iitwayo myc, inayoamrisha chembe kugawanyika. Kule inakohamia hakuna wa kuituliza. Uvimbe waweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili.

Haraka hiyo ndiyo udhaifu wake pia, kwa kuwa dawa huzipata kwa wepesi chembe zinazogawanyika mbio. Burkitt huko Kampala, na Peter Clifford huko Nairobi, waliona uvimbe ukiyeyuka kwa dawa, na baadhi ya watoto wakapona kabisa, jambo lisilotarajiwa siku zile.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akafariki Uingereza mwaka 1993. Maradhi yana jina lake mpaka leo, nayo hayajatoka Pwani.

Kwa hiyo nawaambia wazazi wenzangu. Mtoto akilegea meno kabla ya wakati wake, au akivimba taya au tumbo, tusikae tukingoja jino ling'oke, wala tusimalize wiki tukitafuta jini. Dua tumwombee, na kesho yake alfajiri tumpeleke hospitali. Maradhi haya hayangoji, na dawa yake Mola amekwisha kuijaalia. Na chandarua, ambacho mwenyeji wangu wa Nakuru anaweza kulala bila nacho, sisi tusikikunje.