Hermann Lehmann

Hermann Lehmann (Halle, Ujerumani, 8 Julai 1910 – Cambridge, Uingereza, 13 Julai 1985) alikuwa daktari na mwanabiokemia aliyejulikana hasa kwa utafiti wake juu ya himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Alianza kuchunguza ugonjwa wa selimundu akiwa Uganda.

Maisha

Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, akasomea udaktari Ujerumani. Baada ya Wanazi kushika madaraka mwaka 1933 alilazimika kuchukua shahada yake Basel, Uswisi. Alifanya kazi Heidelberg katika maabara ya Otto Meyerhof, mshindi wa Tuzo ya Nobel, kisha akahamia Cambridge. Mwaka 1940 Waingereza walimweka kizuizini kwa muda kwa sababu ni Mjerumani, ingawa aliikimbia serikali ileile waliyokuwa wakipigana nayo. Baadaye alipokewa katika jeshi lao kama daktari, akapelekwa Uhindi.

Uganda

Miaka 1947–1949 alikuwa Makerere, Kampala, akichunguza upungufu wa damu. Pamoja na Alan Raper, mtaalamu wa patholojia, alipima damu ya watu wa makabila mengi. Kipimo kilikuwa rahisi: tone la damu linanyimwa oksijeni, halafu linatazamwa kwa hadubini kuona kama chembe zinapinda na kuwa na umbo la mundu. Waligundua tofauti kubwa. Kati ya Wakaramojong wenye hali hiyo walikuwa wachache sana, lakini kwa Waamba, wanaoishi chini ya milima ya Ruwenzori, walikuwa takriban 4 kati ya kila 10.

Walipochapisha matokeo mwaka 1949, walieleza tofauti hizo kwa asili na uhamaji wa makabila. Maelezo hayo hayakutosha. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria, ndiyo maana jeni imeenea penye mbu wengi. Takwimu za Lehmann na Raper zilibaki na thamani yake, na mwaka 1956 wawili hao waliandika tena juu ya Waamba: jamii inawezaje kubaki na kiwango kikubwa hivyo, wakati watoto wengi waliorithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili walikuwa wakifa wadogo?

Utafiti wa protini

Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne ya asidi amino: miwili ya alfa, yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili ya beta, yenye 146. Vernon Ingram alionyesha Cambridge kwamba katika selimundu asidi ya glutamiki, ya sita kwenye mnyororo wa beta, imebadilishwa na valini. Kosa ni dogo hivyo, na bado linatosha kuua.

Lehmann, kwanza katika hospitali ya St Bartholomew's, London, na tangu 1963 huko Cambridge, alikusanya damu yenye himoglobini zisizo za kawaida kutoka nchi nyingi. Nyingi zilipewa majina ya mahali zilipopatikana. Wakati huohuo Max Perutz alikuwa ametambua muundo wa himoglobini kwa kutumia eksirei. Mwaka 1968 walichapisha pamoja kazi iliyooanisha mabadiliko hayo na muundo huo, na pengine ndiyo kazi muhimu kuliko zote za Lehmann. Ilionekana kwamba badiliko lililo juu ya uso wa molekuli mara nyingi halina madhara (selimundu ni tofauti kubwa, kwa kuwa valini yake hufanya molekuli zishikamane). Badiliko lililo ndani, hasa karibu na hemu yenye chuma, huweza kuifanya protini isikunjike sawasawa au ifumuke, igande ndani ya chembe, na chembe ivunjike kabla ya wakati. Hivyo daktari aliweza kueleza ugonjwa wa mtu kwa kutazama mahali pa kosa moja ndani ya molekuli.

Alifanywa profesa wa biokemia ya tiba Cambridge mwaka 1967 na mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London mwaka 1972. Alistaafu mwaka 1977.