Chiura Obata: Mchoraji aliyeuza kazi zake kabla ya kufungiwa kambini

Mwezi wa nne mwaka 1942, katika mji wa Berkeley, jimbo la California, familia za Wajapani zilipewa siku chache tu za kufunga mizigo. Kila mtu aruhusiwe kubeba kile ambacho mikono yake inaweza: mablanketi, nguo, sahani, kikombe na kijiko. Matela hapana. Mbwa wa nyumbani hapana. Vingine vyote, kila mtu ajue mwenyewe atavipeleka wapi.

Kati yao alikuwemo Chiura Obata, mwalimu wa uchoraji katika Chuo Kikuu cha California. Alizaliwa Japani mwaka 1885, akafika Marekani mwaka 1903 akiwa bado kijana, na tangu 1932 alikuwa akifundisha hapo Berkeley. Picha zake za milima ya Yosemite zilikuwa zimempa jina kubwa.

Yote yalibadilika Japani iliposhambulia Pearl Harbor, mwezi wa 12 mwaka 1941. Butiki ya vifaa vya uchoraji ya familia yake, kwenye barabara ya Telegraph, ilipigwa risasi, ikafungwa. Tarehe 19 mwezi wa pili 1942, rais Roosevelt alitia sahihi amri iliyofungua njia ya kuwahamisha watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani. Wengi wao walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa.

Wanunuzi walijua kwamba muuzaji hana muda. Meza, friji, magari, hata maduka mazima yalikwenda kwa bei ya bure. Obata naye aliuza, lakini kwa namna yake: alitoa picha zake nyingi ziuzwe, na pesa hakuziweka mfukoni. Zilikuwa za kumsaidia mwanafunzi aliyeumizwa zaidi na vita, bila kuangalia rangi wala dini. Ni jambo la kushangaza kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa anapoteza nyumba. Picha zilizobaki, rais wa chuo kikuu, Robert Gordon Sproul, alikubali kumtunzia.

Yeye na mkewe Haruko walipelekwa Tanforan, uwanja wa mashindano ya farasi, ambako familia zililala katika mazizi. Mwana wao Gyo aliepuka kambi kwa sababu alikubaliwa kusoma huko St. Louis. Mwezi uliofuata, Obata alikuwa amekwisha fungua shule ya uchoraji humo ndani, kwa vifaa ambavyo marafiki wa nje waliwaletea. Wanafunzi walizidi 600, watoto na wazee pamoja.

Baadaye walihamishiwa Topaz, kambi ya jangwani katika jimbo la Utah. Huko, mwaka 1943, alivamiwa usiku na kupigwa, kwani baadhi ya wafungwa wenzake walimuona kama mtu wa wakubwa wa kambi. Alilazwa hospitalini, kisha akaachiliwa kwa usalama wake, familia ikamfuata mwanawe St. Louis.

Mwaka 1945 alirudi Berkeley na kufundisha tena. Uraia wa Marekani aliupata mwaka 1954, miaka 51 baada ya kufika. Alikufa mwaka 1975. Serikali ya Marekani iliomba msamaha rasmi na kukubali kulipa dola 20,000 kwa kila aliyefungwa ambaye alikuwa bado hai, lakini hiyo ilikuwa mwaka 1988.