Mwalimu wa Elimu ya Viumbe Aliyeongoza Taifa

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, twaona vema kuwakumbusha wanachama habari za marehemu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, hasa jambo lisilotajwa sana: kwamba kabla ya kushika siasa alikuwa mwalimu wa elimu ya viumbe.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Alisoma Tabora, kisha Makerere tangu 1943 hata 1945, akahitimu ualimu. Akarudi Tabora kufundisha elimu ya viumbe katika shule ya Mtakatifu Maria. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, Uskochi, akasoma historia, uchumi na falsafa hata 1952. TANU ilipozaliwa mwaka 1954 yeye ndiye aliyekuwa Rais wake. Na Uhuru ulipopatikana, Desemba 1961, mwenge uliwashwa juu ya kilele cha mlima wetu.

Sayansi humzoeza mtu kutazama, kujaribu, na kuamini matokeo kuliko dhana. Alama za mazoea hayo twaziona katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, wanafunzi washiriki kupanga kazi, wajionee wenyewe manufaa ya mbolea na mbegu bora, na wapate faida au hasara ya uamuzi wao. Zaidi ya yote alitaka wawe na akili ya kuuliza. Mkulima wa kahawa ayajua hayo: dawa ya chulebuni haisifiwi kwa maneno, husifiwa kwa buni zilizobaki mtini.

Lakini yatupasa kusema kweli yote. Mwaka 1976 Serikali yake ilivunja vyama vikuu vya ushirika, pamoja na KNCU iliyoanzishwa hapa mwaka 1933, na kazi ya mazao ikapewa mamlaka za Serikali. Jambo hilo halikujaribiwa kwanza katika shamba dogo. Liliikumba nchi nzima kwa mara moja, na mkulima akanyang'anywa chombo alichokijenga kwa jasho lake. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama. Naye Mwalimu, kabla hajang'atuka mwaka 1985, alikiri waziwazi kwamba kuvunja ushirika lilikuwa kosa. Viongozi wengi huyatazama matokeo mabaya wakalaumu mvua. Yeye aliutazama uamuzi wake mwenyewe.

Alifariki dunia mjini London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Basi, sisi tuliokabidhiwa mizani na vitabu vya hesabu vya Chama hiki twapenda kupimwa kwa kipimo hicho hicho. Wanachama wasituamini kwa hotuba za sikukuu hii. Wafungue vitabu, walinganishe kilo walizoleta na fedha walizopokea, waulize. Penye kosa, hapana budi tulikiri na kulisahihisha kabla ya msimu ujao.