Fudhayl bin Iyadh: Mnyang'anyi Aliyekuwa Jirani wa Al-Kaaba

Katika ukurasa wa wema waliotangulia tumemchagua mtu ambaye wengi wetu, tungeishi zama zake, tusingemkaribisha hata barazani.

Fudhayl bin Iyadh alizaliwa Samarqand na akakulia Abiward, mji wa Khurasan ambao mahali pake leo ni Turkmenistan. Ujanani alikuwa mnyang'anyi, tena si wa kuiba kuku. Alivizia misafara baina ya Abiward na Sarakhs akiwapora watu mali zao.

Kisa cha toba yake kimepokewa hivi. Usiku mmoja alikuwa akipanda ukuta kumfuata msichana aliyempenda. Akamsikia mtu anasoma Qur'ani, naye amefika aya ya 16 ya Suratul Hadid, inayouliza kama haujawafikia waumini wakati wa nyoyo zao kunyenyekea kwa kumkumbuka Allah. Fudhayl akajibu palepale kuwa wakati umefika. Akateremka, akarudi alikotoka.

Usiku ulimpeleka kwenye gofu. Kumbe mna wasafiri! Akawasikia wakishauriana: baadhi wanataka kuondoka, wengine wanataka wangoje kupambazuke, kwani Fudhayl yuko njiani. Naye yupo, anawasikiliza. Likamchoma jambo hilo, kwamba yeye anakesha katika maasi na Waislamu wenzake wanakesha kwa kumwogopa. Akatubia, akaazimia kwenda kukaa jirani na Nyumba Tukufu.

Kisa hiki husimuliwa sana misikitini, na aghalabu huishia hapo. Sisi tunapenda zaidi yaliyofuata. Fudhayl alikwenda Iraq, katika mji wa Al-Kufa, akiwa mtu mzima, akakaa chini kusoma. Alipokea Hadithi kwa mashekhe wakubwa, akiwemo Mansur bin Al-Mu'tamir na Al-A'mash. Wanafunzi wetu wa darasa la Hadithi wanajua jinsi wanazuoni wa fani hiyo walivyokuwa wakali: mpokezi huchunguzwa ukweli wake, uadilifu wake na hifadhi yake, na wengi wameachwa kwa kasoro ndogo. Lakini Fudhayl wakamhesabu kuwa mwaminifu, na Hadithi alizopokea zimo katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim. Mtu ambaye watu hawakuthubutu kupita njia yake na mzigo wa nguo, akaaminiwa maneno ya Mtume (S.A.W.). Imam Shafii, ambaye wengi wetu huku pwani tunafuata madhehebu yake, ni miongoni mwa waliopokea kwake.

Hapa hatuna budi kujisema wenyewe. Mwaka mmoja alikuja kwetu kijana aliyejulikana mtaani kwa wizi, akaomba kuanza juzuu ya kwanza pamoja na watoto. Baadhi ya wazazi walinung'unika, nasi walimu tukasema tushauriane kwanza. Tulishauriana wiki mbili. Tulipokubaliana, kijana alikuwa ameshahama, na hatujamwona tena. Mashekhe wa Al-Kufa walikuwa na sababu kubwa kuliko zetu za kuogopa.

Fudhayl alihamia Makka na kuishi huko kwa ibada, akijulikana kwa kulia sana anaposoma au kusomewa Qur'ani. Mwanawe Ali alikuwa mchamungu kama yeye, naye alifariki kabla ya baba yake. Khalifa Harun Rashid alimwendea usiku kutaka nasaha. Fudhayl alimnasihi mpaka akalia, na alipopewa fedha akazikataa, ingawa nyumbani kwake mlikuwa na dhiki. Alifariki Makka mwezi wa Muharram mwaka 187 Hijria, sawa na mwaka 803 Miladia. Allah amrehemu, na yule kijana wetu, popote alipo, Allah ampe mwalimu asiyechelewa.