Maisha ya Mozart

Wolfgang Amadeus Mozart alizaliwa mjini Salzburg, Austria, tarehe 27 Januari 1756. Baba yake, Leopold, alikuwa mpiga fidla, na mwaka huohuo alitoa kitabu cha kufundishia fidla. Mtoto akaanza kinanda akimwona dada yake akifundishwa, na alipokuwa na miaka mitano akatunga. Tangu 1762 baba akawazungusha Ulaya, wakapiga mbele ya wafalme.

Mwaka 1781 akahamia Vienna, akatunga sonata ya piano mbili. Ndiyo hiyo waliyosikilizishwa wanafunzi 36 wa chuo kikuu kimoja cha California kwa dakika 10, katika jaribio lililotangazwa mwaka 1993. Kisha wakakisia vizuri zaidi jinsi karatasi iliyokunjwa na kukatwa itakavyoonekana ikikunjuliwa. Lakini faida ile haikupita robo saa, na baadaye ikaonekana kuwa hata hadithi ipendwayo huamsha akili vivyo hivyo. Basi wenzetu wa hapa Juba wanaofunga vitabu usiku wa mtihani, wakamtegemea Mozart wa kwenye simu, robo saa yao itakwisha kabla hawajalala!

Yeye mwenyewe alitunga kazi zaidi ya 600, wala muziki haukumfundisha kutunza fedha. Alikopa mara kwa mara kwa rafiki. Akafariki tarehe 5 Desemba 1791, mwenye miaka 35, akiacha misa ya wafu haijakamilika.