Ampère: Mwanasayansi Aliyeshika Rozari



Vijana wenzangu, mimi ni fundi umeme hapa Nzega, na haipiti wiki bila mtu kuniuliza: fundi, hizi ampea ni nini hasa? Leo nawajibu kupitia maisha ya mwenye jina hilo, maana alikuwa Mkatoliki mwenzetu.

André-Marie Ampère alizaliwa Lyon, Ufaransa, tarehe 20 Januari 1775. Shule hakwenda. Baba yake alimfungulia vitabu vya nyumbani, naye akasoma kila kilichomjia mkononi. Mwaka 1793, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, baba huyo alikatwa kichwa. Kijana alikuwa na miaka 18. Alivunjika moyo kiasi kwamba kwa muda mrefu hakugusa masomo. Alipoinuka, akampata Julie, wakafunga ndoa mwaka 1799, wakajaliwa mtoto wa kiume. Mwaka 1803 Julie naye akafariki kwa ugonjwa. Alioa tena, na ndoa hiyo ya pili ikavunjika mapema.

Jamani, mtu wa namna hiyo akianza kumtilia Mungu shaka, nani atamshangaa? Ampère alipita kweli kwenye mashaka mazito ya imani. Lakini alirudi, na aliporudi alibaki.

Sasa tuje kwenye umeme. Mwaka 1820 habari zilifika Paris kwamba Hans Christian Ørsted wa Denmark ameona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya unaopitisha umeme. Ndani ya wiki chache, Septemba hiyohiyo, Ampère aliwaonyesha wenzake kwamba nyaya mbili zilizolala sambamba huvutana umeme ukipita upande mmoja, na husukumana ukipita pande tofauti. Feni, spika ya redio, mota ya mashine ya kusaga, vyote vinatumia nguvu hiyo ya umeme na sumaku.

Tena alitenganisha vitu viwili ambavyo wateja wangu wanavichanganya mpaka leo: msukumo wa umeme, na umeme wenyewe unaopita. Fikiria simtanki juu ya mnara. Likiwekwa juu zaidi, maji yanasukumwa kwa nguvu zaidi. Huo msukumo ndio volti. Kiasi cha maji kinachopita bombani kila sekunde, hiyo ndiyo ampea. Bomba jembamba linabana maji. Waya mwembamba nao unabana umeme, na ukilazimishwa kupitisha mwingi, unapata moto. Ukifunga koki, maji yanasimama ila tanki bado limejaa. Ndiyo hivyo hata swichi ikizimwa: ampea zinakuwa sifuri, lakini volti zinakusubiri. Usishike waya eti kwa sababu taa haiwaki.

Hesabu yake ni rahisi: chukua wati, gawa kwa volti. Pasi ya wati 1,000 kwenye umeme wa volti 230 inavuta ampea 4 na kidogo. Taa ya sola ya wati 12 kwenye betri ya volti 12 inavuta ampea 1 tu. Ukichomeka pasi, jiko na hita kwenye ekstensheni moja, ampea zinajumlishana, na nyumba inaweza kuungua. Fyuzi imewekwa ikatike kabla ya hapo. Anayeiondoa na kufunga kipande cha waya mahali pake anacheza na maisha ya watu waliolala ndani. Mimi hilo nalihesabu chini ya amri ya tano.

Turudi Paris. Mwishoni mwa mwaka 1831 alifika kijana wa miaka 18, Frédéric Ozanam, akapata chumba nyumbani kwa Ampère. Alikuwa amezungukwa na wasomi walioiona imani kuwa ni ya wajinga. Inasimuliwa kwamba siku moja aliingia kanisani moyo ukiwa mzito, akamkuta mzee amepiga magoti pembeni, rozari mkononi. Alikuwa Ampère. Mwaka 1833 Ozanam na wenzake walianzisha kikundi cha kuwahudumia maskini, ambacho leo tunakijua kama Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Ozanam Mwenye Heri tarehe 22 Agosti 1997, katikati ya Siku ya Vijana Duniani, mjini Paris hukohuko.

Ampère alifariki Marseille tarehe 10 Juni 1836. Mwaka 1881 wanasayansi wa mataifa waliipa jina lake kipimo cha mkondo wa umeme.

Ndugu yangu, labda umeambiwa kwamba ukisoma sayansi lazima uache sala. Labda una msiba, na hata kusali huwezi. Mkumbuke mzee yule. Hakujua kwamba kuna kijana anamwangalia. Nawe hujui nani anakuangalia ukipiga magoti. Wiki hii, tusali fumbo moja la rozari kwa ajili ya rafiki ambaye imani yake imepoa.

Ee Bwana, utuongezee imani. Amina.